Feni na taa zimezima siku moja: subiri kabla hujanunua feni nyengine

Mimi nauza vifaa vya stima pale Mwembe Tayari, Mombasa. Kila Machi ikifika, kaskazi imeshachoka kuvuma na kusi haijaingia, nyumba zimekuwa tanuri, mtu anaingia dukani shati limemganda mgongoni hata salamu haimalizi: nipe feni. Namuuliza, kwani ile ya zamani ina nini? Imekufa. Imekufa vipi? Imekufa tu bwana, nikiwasha haizunguki, na taa yake ya chini pia haiwaki. Hapo ndo huwa nasita kidogo kabla sijanyoosha mkono kwenye rafu, manake feni na taa ni vitu viwili mbali mbali, moja ni mota yenye koili za waya uliosokotwa na nyengine ni balbu, hazina undugu, zimening'inizwa tu pamoja. Zote mbili kufa kwa dakika moja ni kama watu wawili wa nyumba moja kuumwa tumbo usiku mmoja, huanzi kwa kuwapasua, unauliza kwanza walikula nini.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Ramadhani moja iliyoangukia Machi halati yangu, dadake mama, anayekaa Tudor alinipigia simu, feni ya sebuleni imezima mchana na taa yake nayo, fundi wa mtaani ameshakuja, amepanda ngazi, amegusa waya na testa, ile bisbis ya kujaribia stima, testa imewaka, akasema stima inafika kwa hivyo feni ndo imeungua. Nikamuuzia feni mpya, tena bei ya jamaa, fundi akaifunga alasiri, kuwasha, kimya. Kesho yake halati akaja nayo dukani ndani ya boksi lake, akaniambia mbele ya wateja, "Mwanangu, umeniuzia feni mbovu, na wageni wa futari wamekaa kwenye joto wananitizama mimi." Nikaiunga pale pale kauntani bila mapanga, mota ikazunguka kimya kimya kama haijawahi kukosea mtu. Sasa tukawa tunatazamana mimi na halati. Feni mbili zimefia nyumbani kwake na moja imefufuka Mwembe Tayari.

Ili uelewe kilichotokea, fuata stima inavyotembea kabla haijafika kwa feni. Inatoka kwenye mita inaingia boksi la breka, na kwa nyumba nyingi za kwetu taa za vyumba vitatu vinne zinakula kwa breka moja ndogo, ampia 5 au 6 au 10, waya wake mwembamba wa milimita mraba 1.5. Feni ya dari mara nyingi inaungwa humo humo kwenye laini ya taa, si kwenye laini ya soketi, kwa sababu haili kitu, feni ya kawaida ni wati 50 mpaka 75 hivi, chini ya ile balbu ya zamani ya wati 100 tuliyokua nayo. Sasa waya unaoleta stima, laivu, unashuka ukutani mpaka kwenye swichi na hapo ndo unagawika, swichi moja inapeleka kwa reguleta, kile kitufe cha namba za mwendo, halafu juu kwa mota, swichi ya pili inapeleka juu kwa taa. Lakini waya wa kurudisha, nyutro, wenyewe haushuki kwa swichi kabisa, unabaki juu darini, unapokea mkia wa feni na mkia wa taa kwenye kiungo kimoja halafu unaruka kwenda chumba cha pili kufanya kazi hiyo hiyo.

Ushaona? Feni na taa zinashirikiana sehemu mbili tu: laivu kabla haijagawika pale swichini, na nyutro pale juu zinapokutana. Katikati kila moja ina njia yake. Kwa hivyo swali la kwanza halihusu feni yako kabisa, ni hili, zimezima pamoja au imezima moja? Ikiwa ni pamoja, tafuta kwenye njia ya pamoja. Ikiwa ni moja, njia ya pamoja ni nzima, wachana nayo.

Na swali la pili, ambalo watu hawaulizi: nani mwengine amezima?

Hili ndo lililotuokoa Tudor. Nilimchukua mzee mmoja mstaafu wa kazi hizi, tukafika, hakugusa hata ngazi, akakaa kwenye kochi akamwambia binti wa halati, "Mwanangu, hebu nenda kaniwashie taa ya msalani." Binti akaenda akabonyeza, haiwaki. Hakuna aliyejua, manake saa nane mchana nani anawasha taa ya msalani, na usiku walikuwa wanaacha mlango wazi wapate mwanga wa ukumbini wakidhani balbu imeungua tu. Taa ya ukumbini inawaka, sebule hapana, msalani hapana. Mzee akasema basi, ugonjwa uko hapa sebuleni juu, kwa sababu stima inatoka ukumbini inapita hapa ndo iende msalani, na ikifia hapa huko mbele haifiki.

Kwa hivyo kabla ya yote zunguka nyumba na uwashe kila taa, hata ya stoo. Nyumba nzima giza, angalia tokeni, usicheke, nimeshaona mtu anafungua feni kumbe mita imesoma sufuri. Vyumba kadhaa giza na soketi zinafanya kazi, nenda kwenye breka. Breka ikiruka wakati mwengine haishuki kabisa, inabaki katikati ukiitizama unaona iko juu, kwa hivyo ishushe mpaka chini kabisa halafu ipandishe. Ikikubali na ikatulia, sawa. Ikiruka tena hapo hapo usiilazimishe, kuna shoti mahali, na tafadhali usikubali mtu akuwekee breka kubwa zaidi ati hiyo ndogo inasumbua. Breka ile inalinda waya, sio feni. Ukiweka breka ya ampia 30 kwenye waya wa 1.5 waya utapikika ndani ya ukuta na breka imekaa inautizama. Ikiwa kinachoruka ni ile swichi pana yenye kitufe cha kujaribia, hiyo inayokata stima ikivuja kiasi cha miliampia 30, basi kuna stima inapotea kwenda ardhini, na huku kwetu mara nyingi ni unyevu umeingia kwenye boksi la dari au panya ametafuna waya juu ya silingi bodi.

Ikiwa ni feni na taa yake peke yake, na kwengine kote kunawaka, basi ni swichi zake, au kiungo cha juu, au kile kiboksi cha rimoti ikiwa feni yako ni ya rimoti.

Niseme hapa kitu kuhusu kupanda, kwa sababu kuanzia sasa tunapanda. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Kuna nyumba nyingi tu swichi imeungwa kwenye nyutro badala ya laivu, feni inasimama, taa inazima, na waya juu bado una stima volti 240 inakusubiri. Zima kwenye breka, waambie watu wa nyumbani mnazima, weka hata tepu juu ya breka asije mtoto akawasha kwa ajili ya katuni. Testa yako ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina stima, ikiwaka huko ndo uiamini ikikwambia huku hakuna. Na rangi za waya zisikudanganye: nyumba za zamani nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro na kijani ni athi, yaani waya wa ardhini, za sasa ni kahawia, buluu na kijani chenye mistari ya njano, lakini waya mweusi unaorudi kutoka swichini una stima kama ule mwekundu, na fundi aliyeishiwa na waya wa buluu siku ile alitumia alichokuwa nacho.

Turudi kwa testa, manake hapa ndo fundi wa kwanza alipopotea, na wengi wanapotea hapa. Ile testa ya bisbis yenye taa ndogo ndani inawaka ikigusa waya wenye laivu kwa sababu stima kidogo mno inapita kwako wewe mwenyewe kwenda chini. Inakwambia kitu kimoja tu, kuna laivu imefika. Haikwambii kama kuna njia ya kurudi. Na stima bila njia ya kurudi haifanyi kazi yoyote, ni kama matatu imefika feri na feri hakuna, abiria wamo, mafuta yamo, na Likoni hamfiki.

Sasa kuna ajabu yake. Nyutro ikikatika juu na swichi ikiwa imewashwa, laivu inaingia kwenye balbu, inapita ndani yake, inatokea upande wa pili, inakwama kwenye waya wa nyutro uliokatika. Ukigusa testa kwenye ule waya wa nyutro nao unawaka! Mtu asiyejua anaona waya zote mbili zina stima anasema stima iko tele. Hapana, kuwaka zote mbili ndo dalili yenyewe kwamba nyutro imekatika. Kwa hivyo kwenye kiungo cha feni, swichi ikiwa imewashwa, mwenye kujua anasoma hivi: waya zote mbili zikiwasha testa, nyutro imepotea, zote zikiwa kimya, laivu haifiki, tafuta kwenye swichi, na mmoja ukiwaka mwengine kimya basi njia pengine ni nzima, sasa ndo umshuku feni. Nimesema pengine. Hata ile mita ya kupimia ya dijitali inaweza kukuonyesha volti kwenye waya ambao hauna nguvu ya kuwasha hata balbu ya friji. Kipimo hichi kinafanywa stima ikiwa imewashwa, kwa hivyo kama mkono wako haujazoea, mwachie mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya stima, hakuna aibu hapo.

Mzee wetu hakutumia testa peke yake. Alikuwa na balbu kwenye holda yenye mikia miwili ya waya, silaha ya mafundi wa zamani. Akagusa mikia kwenye waya mbili za feni, balbu haikuwaka. Akaacha mkia mmoja kwenye laivu, ule wa pili akauunga kwa waya mrefu mpaka kwenye nyutro ya taa ya ukumbini, balbu ikawaka kama jua la saa sita. Basi kesi imekwisha, laivu mzima, nyutro ya hapa ndo maiti.

Akazima breka, akafungua. Ile konekta ya plastiki ambayo fundi wa kwanza alifunga feni zote mbili ilikuwa safi kabisa, skrubu zimekaza, kosa lilikuwa nyuma yake, ndani ya boksi la slabu, ambako nyutro kutoka ukumbini ilisokotwa tu na wenzake ikaviringwa tepu nyeusi. Tepu imeyeyuka kwa joto mpaka imekuwa kama halua, inavutika na vidole. Chini yake shaba imekuwa kijani, na waya mmoja umekatika kabisa, ukiugusa unagusana na mwenzake, ukiuachia unaachana. Fikiria feni inatetemeka juu yake mwaka mzima, mchana na usiku, na upepo wetu huu wa bahari una chumvi inayokula mpaka bawaba za madirisha, kiungo cha kusokota hakina maisha marefu hapo. Mzee akakata mpaka kwenye shaba inayong'aa, akafunga kwa konekta ya skrubu, akavuta kila waya mmoja mmoja kuona kama unatoka. Nusu saa haikufika. Taa ya msalani ndo iliyowaka kwanza, binti alikuwa ameiacha imewashwa.

Hiyo ndo kesi ya kuzima pamoja. Ikiwa taa inawaka na feni ndo haizunguki, sahau yote niliyosema kuhusu nyutro, uko kwenye ugonjwa mwengine, na ugonjwa huo una jina, mara nyingi ni kapasita.

Mota ya feni ina koili za aina mbili. Moja ikipata stima peke yake inavuta mota huku na huku kwa nguvu sawa sawa, kwa hivyo mota inasimama inaunguruma haijui iende wapi. Koili ya pili inapata stima kupitia kapasita, na kazi ya kapasita ni kuipa mwendo tafauti kidogo na ya kwanza, mmoja anatangulia mwengine anafuata, ndo mota inapata upande wa kuzungukia. Kapasita ikidhoofika feni inaanza kuwa nzito mwezi baada ya mwezi, unaiweka namba tano inazunguka kama namba mbili, unalaumu stima ndogo, halafu siku moja inaunguruma tu. Kipimo chake ni rahisi, iwashe halafu sukuma panga kidogo kwa mti wa fagio, kwa mti nimesema, usitie mkono. Ikishika mwendo ikaenda na upande ulioisukumia, ukiisukuma kinyume inaenda kinyume, basi ni kapasita, koili ni nzima. Bei ya kapasita haifiki hata robo ya feni mpya na mimi muuza feni ndo nakwambia.

Ukija kununua njoo na ile ya zamani. Ubavuni imeandikwa maikrofaradi, ndo kipimo cha ukubwa wa kapasita, feni nyengine 1.5, nyengine 2.5 au 3.5, na volti zake 400 na kitu. Namba ya maikrofaradi iwe ile ile, volti zisipungue. Kuna wanaoomba kubwa zaidi ati feni ipige kwa nguvu, itapiga kidogo kweli, na koili itapata joto ambalo haikutengenezewa, baada ya muda unarudi kwangu kununua feni nzima. Na feni za kamba ya kuvuta kapasita yake ni kiboksi cheusi chenye waya nne au tano na maikrofaradi mbili tatu tafauti ndani yake, hiyo piga picha waya zilivyokaa kabla hujakata hata mmoja. Miguu ya kapasita usiishike hata ukiwa umezima, inaweka stima kidogo ndani na inauma.

Reguleta nayo ina dalili yake, feni inaenda namba ya mwisho tu na namba za chini kimya, manake kwa reguleta nyingi namba ya mwisho inapitisha stima moja kwa moja bila kupunguza. Ikiwa haiungurumi, haizunguki, hata ukisukuma inasimama, na kuna harufu ya kuungua, hapo koili imekwenda, kuwaindi, yaani kuisokota koili upya, kunawezekana lakini piga hesabu kwanza. Ikiwa panga ni gumu hata kwa mkono stima ikiwa imezimwa, ni beringi, chumvi tena.

Taa peke yake ikizima na feni inazunguka, badilisha balbu kwanza, kisha angalia ulimi wa shaba ndani ya holda kama umelala. Hizi taa za LED zilizojengewa ndani ya feni hazina balbu ya kubadilisha, zina kiboksi chembamba kinachopunguza stima na hicho ndo kinachokufa, hasa stima ikipotea na kurudi kwa kishindo. Kinauzwa chenyewe, angalia wati na miliampia zilizoandikwa.

Na feni za rimoti, ambazo siku hizi ndo nauza nyingi zaidi, zinavunja ile sheria yangu ya pamoja na moja, kwa sababu feni na taa zote zinapita kwenye kiboksi kimoja kilichofichwa ndani ya kikombe cha juu. Kiboksi kikifa zinazima zote hata kama waya za nyumba ni nzima. Badilisha betri kwanza, hakikisha swichi ya ukutani iko on, zima dakika moja uwashe tena. Halafu uliza kama kuna mtu aliiunga kupitia reguleta ya zamani iliyobaki ukutani, manake reguleta inakata kata stima na kiboksi kile hakiwezi kuivumilia, nimeshabadilishia mteja mmoja viboksi viwili kabla hatujaiona reguleta nyuma ya pazia.

Halati hakunirudishia feni mpya, alisema imeshazoea sebule. Ile ya zamani iliyosemwa imeungua nilichukua mimi, ndo iko juu ya kichwa changu hapa Mshomoroni naandika haya, namba tatu, inalia kidogo kwik kwik ikizunguka. Ni mpira wa pale kwenye hanga umekauka. Ntaubadilisha Jumapili.